Sifa Hakuomba Maji

Ubelgiji, baridi inapoanza

Kwa mdogo wangu Maua, Kabambare,

Barua hii ikukute mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mgongo unaendeleaje tangu ulipoanguka na kapu la karanga? Shemeji Ramazani bado anafundisha darasa la nne, au wamempandisha? Na mama mkwe wako, bibi yetu koko Mwayuma, macho yake yanaona, au ule ukungu umezidi? Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninakwenda chuoni, ninarudi. Yaliyobaki nitakueleza humu kidogo kidogo, kwa hiyo tafuta kivuli, ukae, usome peke yako kwanza. Ukimaliza ndipo umpe Ramazani.

Najua unajiuliza kwa nini karatasi, wakati simu zipo. Tangu ule ujumbe wangu wa sauti hupokei simu zangu, na una haki. Sauti yangu umeisikia vya kutosha. Barua hii anakuja nayo Mama Anzuruni, mwanamke wa huko kwenu Kabambare anayeuza vyakula vya nyumbani katika mji huu ninaokaa. Anakwenda Kasongo kuwaona ndugu zake, na ameniahidi kwamba atapanda pikipiki mwenyewe mpaka kwako, hata kama mvua imekata barabara. Utamjua kwa sauti. Anaongea kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto.

Nianze mwanzo, hata kama mengine unayajua.

Nilipokuachia mwanangu Sifa alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Baba yake alikuwa amefukiwa katika shimo la dhahabu kabla mtoto hajaanza kukaa. Ilipotoka nafasi yangu ya kusoma huku Bulaya, mama yetu aliniambia pale Kasongo, akiwa anachambua mchele, "Enda, mwanangu. Mutoto hawezi kupotea kwa mama yake mudogo." Nikaja mpaka Kabambare, siku mbili juu ya pikipiki, Sifa amefungwa mgongoni kwangu kwa kitenge. Nilipomfungua na kumweka mikononi mwako alikuwa na usingizi. Hakulia. Niliona ni bahati, nikaondoka haraka kabla hajaamka vizuri.

Wewe uliwahi kuniuliza, "Yaya, dada yangu, mutu anasomaka nini miaka yote ile juu ya luga? Si tunaongea tu?" Nilicheka, sikukujibu. Leo nakujibu, maana bila hayo huwezi kuelewa nilivyokukosea.

Sisi tunaoandika teze, kitabu cha kupata doktora, kila mmoja ana jambo lake analolichunguza. Kuna kaka mmoja wa Kameruni anayefuatilia namna sauti inavyopanda na kushuka katika lugha ya babu yake, kwa sababu neno lile lile likitamkwa juu lina maana hii, likishushwa lina maana nyingine. Anatembea njiani akipiga mluzi maneno hayo, watu wanamgeukia. Kuna dada wa Burundi anayeandika namna wauza mboga wanavyosalimiana kwa adabu yote kabla ya kugombana. Kuna kijana wa hapa hapa anayekusanya majina ya wadudu katika lugha ya watu ambao hajawahi kufika kwao. Siku ya kwanza tuliketi tumezunguka meza, kila mmoja aseme anataka kuchunguza nini. Zamu yangu ilipofika nikasema nataka kujua namna mtoto anayekua katika nyumba ya lugha mbili anavyoanza kusema. Lugha zenyewe ni Kiswahili chetu na Kibangubangu, nyumba yenyewe ni yako.

Profesa wetu ni mama mtu mzima, mpole, mwenye kupenda kufuta miwani yake kabla ya kuuliza. Akaniuliza, "Mtoto huyo ni wa nani?"

Nikajibu, "Ni mtoto wa nyumbani kwetu."

Wakaitikia kwa kichwa, tukaendelea na mwingine. Maua, niliogopa kwamba wakijua ni wangu, swali linalofuata litakuwa kwa nini nimemwacha. Basi Sifa akawa mtoto wa nyumbani kwetu, na katika makaratasi yangu yote ya chuo ameandikwa hivyo.

Ndipo nikakutumia kile kinasa sauti kidogo. Ukakishonea mfuko wa kitambaa, ukamvika shingoni kila Ijumaa baada ya swala ya alfajiri. Wewe ndiye uliyebuni ule mfuko, si mimi. Kadi za memori ukazituma kwa pikipiki mpaka Kasongo, kwa mjomba Salumu, naye akanitumia sauti zilizomo kutoka pale penye mtandao wenye nguvu. Sijawahi kukushukuru inavyofaa kwa kazi hiyo. Nilizoea kukuandikia tu, "Kadi imefika, tuma ingine."

Zile za mwanzo zilikuwa furaha yangu yote. Nilivaa vidude vya masikioni, nikafunga macho, nikawa uani kwako. Nilisikia kinu, wewe unatwanga majani ya sombe. Nilisikia kuku, na mvua juu ya mabati, na koko Mwayuma akikohoa. Halafu sauti ya Sifa. Siku moja kuku alikuwa anadonoa daftari za Ramazani, Sifa akasema, "Mama, kuku iko nasoma kitabu ya baba." Wenzangu niliowasikilizisha walicheka, na yule wa Kameruni akaiandika ukutani. Kwamba alimwita Ramazani baba haikuniuma hata kidogo. Nilisema, alhamdulillah, amepata baba.

Lakini kazi yangu ni kuandika kila neno, na pembeni yake kuandika mtoto alikuwa anamaanisha nini au nani. Ndivyo tunavyofanya. Basi neno mama lilikuwa na mstari wake. Mwanzoni, ukimpa simu, alisema mama, nami nikaandika: mimi. Akilia siku ya mvua ile kubwa, alisema mama, nikaandika: hajulikani. Kisha ikaja kadi ambayo ndani yake alikuita mama wewe tangu asubuhi mpaka jioni, mara nyingi, bila kusita, na simu ilipolia akakimbia akisema, "Mama, mama ya simu iko naita."

Nilisimamisha sauti pale. Nikairudisha, nikasikiliza tena. Halafu nikaandika kwa mkono wangu kwamba mama ni Maua, na mama ya simu ni mtu mwingine.

Unajua desturi yetu kama ninavyoijua. Mdogo wa mama ni mama, mkubwa wa mama ni mama, na mtoto anayemwita ndugu wa tumbo moja na mamaye kwa jina lingine anaonekana hana malezi. Sifa hakukosea. Ningeulizwa darasani ningeeleza hayo kwa ufasaha, na kila mtu angeandika. Nilikwenda kunawa uso, nikarudi, nikaendelea na mstari uliofuata.

Kisha nikawapigia simu, siku ile ya Idi. Nilikuwa nimetoka kwenye ofisi ya wageni, wameniambia makaratasi ya kumleta Sifa yamekubaliwa. Nilipiga kelele kwenye simu, unakumbuka. Nikasema kiangazi nitakuja kumchukua, atasoma huku, nimeshamtafutia kitanda. Ramazani akasema, "Tunamushukuru Mungu, shemeji." Wewe ukasema, "Ni vizuri, yaya." Nikakuomba umweke Sifa kwenye simu, nikamwambia mwenyewe, "Mama atakuja kukuchukua." Hakujibu kitu. Nilidhani ni mtandao.

Kadi iliyofuata ndiyo hii ninayotaka kuizungumzia.

Katikati yake kuna mahali unatwanga. Sifa anamwendea koko na kumwambia jambo kwa Kibangubangu, sentensi ndefu, ndefu kuliko zote nilizokuwa nazo. Koko anamjibu polepole, naye kwa maneno mengi. Na kinu kinanyamaza. Unajua mimi Kibangubangu sikijui. Sisi tumekulia Kasongo mjini, nyumbani Kiswahili, kwa masista Kifaransa, na wewe umekijifunza kwa kuolewa. Mimi nilikuwa na orodha yangu ndogo ya maneno. Nikakutumia kipande kile nikakuuliza anasema nini.

Ukanijibu, "Ameomba maji, yaya. Alikuwa na kiu."

Maua, neno la maji lilikuwa la kwanza katika orodha yangu. Nililitafuta katika sentensi ile mara kumi, halimo. Tena mtu akiombwa maji hajibu kwa maneno mengi vile. Nikakuuliza mara ya pili. Ukasema, "Ni maji tu." Nikakasirika. Nilidhani umechoka na kazi yangu, unanijibu ili nikuache.

Ndipo nikakumbuka duka la Mama Anzuruni. Nilikuwa nanunua kwake unga wa mihogo na visamaki vya ndakala, na mara moja nilimsikia akiongea Kibangubangu na mteja. Nilimkuta anapanga makayabo, samaki wa chumvi. Nikamwomba asikilize kitu kidogo cha masomo, nikamvalisha vile vidude masikioni. Alianza kwa tabasamu, kama mtu anayesikia wimbo wa kwao. Akasikiliza mpaka mwisho. Akataka arudie. Halafu akavivua, akavikunja taratibu, akaniuliza, "Huyu mutoto ni wa nani?"

Nilitaka kusema ni mtoto wa nyumbani kwetu. Nikashindwa. Nikasema, "Ni wangu. Nilimuzaa."

Akavuta kiti akanikalisha nyuma ya magunia. Akasema, "Basi nitakuambia vile alisema, sitaongeza, sitapunguza. Mutoto anasema, 'Koko, ule mutu wa mu simu akikuja kunibeba, munifiche mule munawekaka mihogo.'"

Nikamuuliza, na mzee amejibu nini.

"Mukubwa anasema, 'Hatuwezi kukuficha, mutoto wangu. Tutakuogesha, tutakuvalisha nguo muzuri, tutakusindikiza. Mutu hafichwi na damu yake.'"

Mteja aliingia, Mama Anzuruni akamwambia tumefunga. Nami nilikuwa nimeshika vile vidude, nimeng'ang'ania neno moja. Nilikuwa mama. Baadaye nikawa mama ya simu. Sasa nimekuwa mtu wa simu. Mwaka mzima nilikuwa nafuatilia neno hilo kama mwindaji anayefuata nyayo, sikujua linanikimbia mimi.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichofanya. Nilitoka nikakaa kwenye benchi mbele ya duka, mchana kweupe, watu wanapita na mikate yao, nikashika simu nikakutumia ujumbe ule. Nitayaandika hapa niliyosema, kwa sababu sitaki ubebe peke yako maneno ambayo mimi nimeyatoa kinywani. Nilisema umeniibia mtoto na sasa unaniharibia kazi. Nilisema umemfundisha kuniogopa. Na nilisema, "Kama Mungu hakukupa, usichukue cha mwenzako."

Nilikuwa najua juu ya mimba mbili zilizotoka. Mimi ndiye niliyekushika mkono ile ya kwanza, pale hospitalini Kasongo. Nilijua, na nikasema.

Nilipotaka kuufuta ujumbe, alama zilikuwa zimeshageuka rangi. Ulikuwa umesikiliza.

Ramazani aliniandikia jioni. "Shemeji, ameisikia. Amekwenda shamba." Siku nane baadaye ukaniandikia wewe mstari mmoja, nao ndio wa mwisho niliopata kutoka kwako: "Nguo za Sifa nimeshafua zote, ziko ndani ya sanduku, ukija utazikuta."

Sikujibu. Nilikuwa bado na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na sikujua nianze na ipi.

Kadi hazikuja tena. Lakini profesa alikuwa anangoja kazi yangu, kwa hiyo nikarudi kwenye zile za zamani kutafuta kama kuna kilichobaki. Hapa lazima nikueleze ubaya mmoja wa kazi yetu, au wa kwangu mimi. Nilichokuwa nachunguza ni maneno ya mtoto. Maneno ya watu wazima nilikuwa nayaruka. Nikisikia ni wewe unaongea, nilipeleka sauti mbele mpaka nimkute Sifa. Kwa mwaka mzima nilikuruka, Maua. Nilisikia kikohozi cha koko na kelele za kuku, nikakuruka wewe.

Safari hii nikaacha sauti iende. Na nikakusikia.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya uji. Unamwonyesha picha, nadhani ile ya mimi mbele ya nyumba ya mama.

"Huyu ni nani?"

"Mama ya simu."

"Hapana. Huyu ni mama Zaina. Mama yako ya kukuzaa. Sema, mama Zaina."

"Mama Zaina."

"Anakupenda sana. Iko nasoma Bulaya. Atarudi."

Nikafungua kadi nyingine. Uko pale, picha ile ile, maneno yale yale. Nikafungua nyingine. Kila Ijumaa, na bila shaka siku nyingine zote ambazo hakikuwepo kinasa sauti shingoni mwake. Na katika moja Sifa anakuuliza, "Na wewe?" Unamjibu, "Mimi ni Maua." Anasema, "Hapana. Wewe ni mama." Nasikia unakoroga uji. Halafu unasema, "Haya. Kunywa uji, isipoe."

Nililia mpaka jirani wa chumba cha pili, yule dada wa Burundi, akagonga mlango. Aliingia. Alikaa kitandani kwangu akamenya chungwa, akanipa nusu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa profesa. Alikuwa amesoma makaratasi yangu, ameweka alama kwenye ile sentensi ndefu ya Kibangubangu. Akasema ndiyo bora kuliko zote, mtoto wa umri ule kupanga maneno hivyo si jambo dogo, ila nimesahau kuweka tafsiri chini yake. Nikamwambia tafsiri ninayo. Nikamsomea. Akavua miwani. Nikamwambia na lingine, kwamba mtoto wa nyumbani kwetu ni mtoto wangu, na mtu wa simu ni mimi.

Aliifuta miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, "Unaweza kuiondoa. Hakuna atakayekulaumu. Lakini sura yako ya nne itabaki fupi."

Nikasema, "Ibaki fupi."

Nimeiondoa, Maua. Kuku anayesoma kitabu nimemwacha, na mvua, na mchanganyiko wa lugha zake mbili. Lakini ombi la kufichwa alimwambia koko yake, hakukiambia chuo. Na zile asubuhi za picha nazo nimezitoa. Sauti hizo nimezitia zote kwenye kadi moja, nimempa Mama Anzuruni akuletee, iko ndani ya bahasha hii hii. Ni zako.

Sasa nikueleze kuhusu makaratasi.

Juma lililopita nilirudi kwenye ofisi ya wageni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki tangu walipofungua mpaka karibu saa sita. Nilipoitwa, nilimwambia yule mwanamke wa dirishani kwamba mtoto haji tena. Alidhani sijui Kifaransa vizuri, akarudia polepole, kwamba yamekubaliwa, kwamba nikiyaacha yapite itanibidi kuanza upya, na huenda yasikubaliwe tena. Nikasema nimeelewa. Akaniuliza kwa nini. Ilikuwa lazima aandike sababu kwenye karatasi.

Nikasema, "Mtoto yuko na mama yake."

Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Lakini mama ni wewe, bibi. Imeandikwa hapa."

Nikasema, "Ndiyo, imeandikwa."

Akaniletea kalamu, nikatia sahihi mara mbili. Nilipotoka nje nilisimama kando ya ukuta, nikageuka kuutazama mlango. Usidhani nimekuwa mtakatifu, mdogo wangu. Nilitamani kurudi ndani nimwambie nimekosea. Hata leo, ninapoandika, kuna saa nasema kesho nitakwenda kumwomba aichane ile karatasi. Lakini kila nikifikiria kuja kumchukua, naiona siku yenyewe. Namwona ameogeshwa, amevalishwa nguo nzuri, ameshikwa mkono mpaka kwangu, kwa kuwa nyinyi ni watu wa adabu na msingemficha. Naye hatalia, kama hakulia siku ile ya kwanza, na mimi ningeona tena ni bahati.

Basi nakuomba radhi. Nimekuumiza mahali ambapo mtu hapaswi kumgusa hata adui. Sikuombi uniambie umesamehe. Ukiweza, siku moja pokea simu tu, hata kama hutasema kitu, nisikie kinu. Hukuniibia mtoto. Nilikupa akiwa amelala, na wewe ukakesha naye, na kila asubuhi ukamkumbusha jina la mtu mwingine kabla hajanywa uji. Mimi nisingeweza kumfanyia mwanamke mwingine hivyo, sasa najua.

Toa nguo za Sifa sandukuni, azivae zichakae. Picha yangu iache mahali ilipo, usimlazimishe tena kuisemea. Atakapokuwa mkubwa, akiuliza, mwambie ukweli wote, na kama nitakuwa hai tutamwambia pamoja. Kwa sasa usimgawanye.

Kiangazi nitakuja, Mungu akipenda. Nitakuja mgeni, nitalala kwa mama Kasongo kwanza, kisha nitapanda kuja kwenu kwa siku chache. Akinikimbia, muacheni akimbie. Akinikaribia, nitafurahi.

Na kuna jambo moja nataka lifanyike leo, kabla hujaikunja barua hii. Nenda kwa koko Mwayuma. Mwambie amweke Sifa mapajani amwambie kwamba mtu wa simu hatakuja kumchukua. Amwambie kwa Kibangubangu. Wewe na mimi tungemwambia kwa Kiswahili, lakini ile ndiyo lugha aliyoogopea, na nataka hofu imtoke kwa mlango ule ule. Amwambie mara mbili, ya kwanza watoto huwa hawaamini.

Nisalimie mama yetu Kasongo. Nitamwandikia yeye mwenyewe, lakini akikupigia usimfiche kitu. Nisalimie mjomba Salumu fundi cherehani, aliyekuwa anazitunza kadi zako kwenye kopo la vifungo zisilowe. Nisalimie shemeji Ramazani, mwambie mtoto amempata baba mwema na shule imempata mwalimu. Nisalimie jirani yako Mama Tabu mwenye kuuza mandazi, ambaye sauti yake nimeisikia sana bila kumwona uso. Na koko Mwayuma mpigie magoti kwa niaba yangu, kwa lile jibu alilomjibu mtoto. Alinitetea, nami sikuwepo.

Sifa mbusu kwenye paji la uso. Usimwambie ni kutoka kwa nani.

Nakuaga, mdogo wangu, kwa moyo uliovunjika na usio na kinyongo.

Ni mimi dada yako,
Zaina,
mama mukubwa wa Sifa